Baba wa Bibi Harusi Hakuitwa

Fortunato Scopelliti alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha chuma cha mji wetu, kaskazini mwa Ontario nchini Kanada, lakini ukimwuliza mtu yeyote wa upande wa magharibi wa mji habari zake, hatakutajia chuma. Atakuambia huyo ndiye mkuu wa duara.

Sisi wa milima ya Aspromonte, kusini mwa Italia, ngoma yetu ya tarantela hatuichezi kiholela. Watu husimama kwa kuzunguka, wapigaji wakakaa kando na kodiani ndogo na tari, na katikati wanacheza wawili tu. Nani aingie, nani atoke, nani acheze na nani, hayo yote ni ya mkuu wa duara. Humshika mtu mkono akamwingiza kati, akacheza naye kidogo, kisha akamwita wa pili na kuwaacha wawili hao wacheze. Akitaka kumtoa mtu husema, "Nje wa kwanza," naye mtu hutoka bila neno. Asiyeitwa haingii. Huko nyumbani waliwahi kuchomana visu kwa sababu hiyo, na wazee waliovuka bahari walikuja na sheria hiyo kama walivyokuja na mbegu za pilipili, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa.

Kwa hiyo kuitwa ni heshima, na kutoitwa ni jambo linalosemwa mbele ya watu wote bila kutamkwa. Mkuu wa duara amekabidhiwa heshima za watu wengine. Hilo ndilo Fortunato alilolifahamu kuliko sisi sote, na ndilo linalofanya kosa lake lisiwe na udhuru.

Alipewa duara mwaka 1970, akiwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa mwembamba, mwenye masharubu, mkali wa utaratibu. Vuli iliyofuata wanaume walikusanyika chini ya nyumba ya Cosimo Marafioti kukamua zabibu. Cosimo alimzidi Fortunato miaka minane. Yeye peke yake katika mji wetu ndiye aliyejua kupiga zampogna, zumari lile la mfuko wa ngozi ya mbuzi, tena ndiye peke yake aliyekuwa na wimbo wa kijiji chetu kama ulivyopigwa na babu yake. Alikuwa mtu wa utani. Siku hiyo, mikono yake ikiwa myekundu mpaka kwenye viwiko, alimwambia Fortunato mbele ya watu:

"We Fortunato, duara unaliongoza kama trafiki. Mkono huu simama, mkono huu pita. Umebakiza filimbi tu."

Watu walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Fortunato naye alicheka, kwa sababu asiyecheka ndiye huchekwa zaidi. Lakini jina lilimganda. Ilipofika Krismasi hata watoto walikuwa wakimwita Trafiki, na kazini mtu mmoja alimwekea filimbi ya plastiki ndani ya kikopo cha chakula.

Mwezi wa Juni mwaka 1972, binti wa Cosimo aliolewa. Binti huyo ni Melina, mtoto wake wa pekee, naye alikuwa amechagua kijana wa Kifini anayeitwa Eino, mrefu kama mlango, mpole, asiyejua neno la lugha yetu ila "mvinyo" na "asante". Wengine walinong'ona. Cosimo hakunong'ona. Alimpenda kijana huyo tangu siku alipomwona akila pilipili yetu huku machozi yakimtoka na akiomba nyingine.

Siku ya arusi Cosimo aliiacha zampogna nyumbani makusudi. Alisema leo hapigi, leo anacheza na mwanawe. Kwetu baba wa bibi harusi huitwa mapema, akacheza na bintiye, na watu hulia kidogo, kisha mambo huendelea. Duara lilifunguliwa saa nane mchana. Cosimo alikwenda kusimama karibu na nguzo ya pili ya ukumbi, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akangoja.

Fortunato alimwita bibi harusi. Kisha akamwita baba yake Eino, mzee wa Kifini ambaye miguu yake ilikuwa haijawahi kuambiwa kwamba kuna muziki. Kisha wajomba. Kisha majirani. Kisha mpishi.

Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alitaka Cosimo angoje nusu saa tu. Nusu saa ya jasho, kwa ajili ya filimbi ile ya plastiki. Lakini nusu saa ilipopita aliona watu wameanza kugundua, na akimwita sasa itaonekana ametishika. Basi akasema kidogo tena. Melina kila akizunguka alitazama kwenye nguzo. Saa moja ikawa mbili. Cosimo hakusogea, hakulalamika, hakuingia kwa nguvu, kwa sababu alikuwa mtu wa sheria kuliko aliyekuwa akiivunja. Saa kumi na moja mtunza ukumbi, aliyekuwa na sherehe nyingine ya kuandaa, aliwasha taa zote na kuanza kukunja viti. Mpiga kodiani akafunga mikanda yake. Imekwisha.

Watu hujitetea kwamba hawakukusudia. Mimi nasema anayekusudia kumchelewesha mtu heshima yake amekwisha kukusudia, na kama muda ulimkimbia, huo haukuwa muda wake wa kuchezea.

Kesho yake baada ya misa, wanaume wakiwa wamesimama nje ya kanisa, mmoja alimwuliza Fortunato, "Cosimo mwenyewe ndiye aliyekataa, siyo? Kwa ajili ya yule Mfini."

Fortunato alikuwa akiwasha sigara. Akapandisha mabega.

Hakusema ndiyo. Alipandisha mabega tu, na kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima ulishajua kwamba Cosimo Marafioti alikataa kucheza na mwanawe kwa sababu ya mkwe. Na sisi tuliokuwepo ukumbini, tuliomwona yule mtu akitazama mkono wa mkuu wa duara saa tatu nzima, tuliichukua hadithi hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuibeba.

Cosimo hakukanyaga tena kwenye chama cha watu wa kijiji chetu. Zampogna aliipiga Jumapili ndani ya gereji yake, mlango umefungwa, hata wakati wa joto. Ukipita njia ile ulisikia sauti kama ya mnyama aliyefungiwa. Alikufa mwaka 1990. Fortunato alikwenda mazikoni akasimama nyuma kabisa, na juma lile alikwenda kuungama. Padri alimpa sala kumi. Alizimaliza kabla hajalifikia gari lake, na alijua alipokuwa akitia ufunguo kwamba amesamehewa na mtu ambaye hakumkosea.

Miaka ikaenda. Watoto wetu walioa kila taifa, wajukuu wakasahau lugha, na duara likabaki la sikukuu ya San Fantino, mtakatifu wetu, peke yake, katika ukumbi uleule chini ya kanisa. Fortunato ndiye aliyelishikilia. Kila Jumanne jioni, theluji ikiwa juu ya madirisha, aliwafundisha watoto. Hakutaka simu, hakutaka kutafuna, hakutaka mtu anayejiingiza mwenyewe. "Ukiitwa ingia, ukitolewa shukuru," aliwaambia, na mimi najiuliza ulimi wake ulikuwa ukipitia njia gani aliposema hivyo.

Mwalimu mmoja kijana, Loredana, alikuwa akimsaidia. Huyu alizaliwa hapa hapa, ana bidii, na mwanzoni alipenda mambo ya jukwaani, sketi zenye utepe na mistari iliyonyooka. Fortunato alimbadilisha. Akawa na hamu ya kitu halisi. Na kitu halisi kilikuwa kinakosekana, kwani watoto walikuwa wakicheza kwa muziki wa mashine, uleule unaopigwa katika mahoteli ya pasta. Wimbo wa kijiji ulikuwa umekwenda na Cosimo.

"Haukwenda," Loredana alisema siku moja. Alikuwa amesikia kwamba Melina anayo zampogna ya baba yake, pamoja na kanda iliyorekodiwa gerejini. Alikwishakwenda kumwomba mara moja akakataliwa. Sasa, mwaka huo wa 2011, chama kilikuwa kimeamua kumpa Fortunato ubao wa shaba siku ya sikukuu, umeandikwa Mlinzi wa Ngoma Yetu. Loredana aliona mzee wa heshima namna hiyo akienda naye, Melina atalegea. Fortunato alitafuta kisingizio cha magoti. Loredana akasema atamchukua kwa gari mpaka mlangoni.

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Melina alikuwa na miaka sitini, mnene kidogo, mwenye mikono ya baba yake. Aliwakaribisha vizuri, akaweka kahawa na biskuti za anisi, akamwekea Fortunato mto mgongoni. Ukarimu ule ulimchoma kuliko tusi. Loredana alieleza haja yao kirefu, kuhusu watoto, kuhusu urithi, kuhusu wimbo.

"Loredana mwanangu," Melina alisema, "mwaka juzi ulikuja nikakwambia hapana. Leo umekuja na mzee. Hapana ni ileile, ila leo ina biskuti."

"Lakini kwa nini, Mama Melina? Chombo kimelala tu kabatini."

"Kilale." Alikoroga kahawa yake muda mrefu. "Baba yangu alikuwa na ngoma moja tu ya kucheza na mimi maishani. Moja. Akasimama kwenye nguzo kashika kofia kama mtu anayengoja basi. Kwa sababu Eino ni Mfini. Mimi akaniambia mguu ulimuuma. Asubuhi yake nakwenda kuwaaga, namkuta anapandisha makreti ya chupa kutoka chini, ngazi kumi na nne, mguu uleule. Sasa mtu kama huyo, wimbo wake watoto wa watu waufanyie nini?"

Kisha akamgeukia Fortunato, bila ukali, kama anayeuliza tarehe.

"Wewe mzee ndiye uliyekuwa mkuu siku ile. Alikuambia usimwite, si ndiyo?"

Hapo mlango ulifunguliwa mbele yake, na hakuna aliyemsukuma wala aliyemzuia. Miaka thelathini na tisa alikuwa amejiambia kwamba hakuna anayeuliza. Sasa ameulizwa, na mwenye haki ya kuuliza. Fortunato aliitazama kahawa. Akapandisha mabega.

"Ndivyo nilivyojua," Melina akasema, akaondoa vikombe.

Nyumbani Fortunato hakula. Mkewe, Tresina, alimwekea supu, ikapoa, akaiondoa, akamwekea jibini na mkate, navyo vikakaa. Mwishowe Tresina alikaa mbele yake akamwuliza huko kwa Melina amelishwa nini hata ameshiba hivyo. Basi akamwambia yote, filimbi ya plastiki, nusu saa, sigara, na mabega ya asubuhi ile. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama meza.

Tresina hakushangaa. Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"We mzee, mimi nilikuwa ukumbini. Nilikuona unamtazama Cosimo kila ukiita mtu mwingine. Unadhani nimelala na nani miaka yote hii?"

"Ulijua, ukanyamaza."

"Nilidhani utasema mwenyewe siku ya maziko yake. Uliposimama nyuma kule nikajua husemi." Akainuka. "Na mimi nina dhambi yangu hapo, usidhani sijui. Lakini yangu siwezi kuitubu kabla yako. Yule binti anamchukia maiti asiye na kosa."

Fortunato aliniambia kwamba neno hilo la mwisho ndilo lililokaa naye. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba amemkosea Cosimo, naye Cosimo amekufa, na mambo ya waliokufa yana utulivu fulani. Hakuwa amehesabu kwamba kila mwaka aliokaa kimya alikuwa akimnyang'anya mwanamke mmoja baba yake, upya.

Sikukuu ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Julai. Baada ya maandamano ya sanamu watu walishuka ukumbini, wakala soseji na pilipili za kukaanga, na mwenyekiti wa chama akasoma maneno marefu kuhusu mlinzi wa ngoma yetu. Melina alikuwepo pamoja na Eino, kwa sababu kwenye sikukuu wanakwenda wote. Fortunato aliupokea ubao, akamshukuru mwenyekiti, akauweka juu ya kiti maandishi yakiwa chini. Wengi walifikiri ni uzee.

Saa tisa akafungua duara. Mashine ya muziki aliikataa, akataka kodiani na tari. Alizunguka mara moja peke yake, kisha akaenda moja kwa moja kwa Melina, akamnyooshea mkono.

"Mimi sichezi, mzee. Unajua," Melina alimwambia.

"Hutacheza. Njoo tu usimame."

Mkuu wa duara akikuita, kukataa mara ya pili ni tusi, na Melina amelelewa. Akaingia. Fortunato alimwashiria mpiga kodiani anyamaze, jambo ambalo hatujawahi kuliona duara likiwa wazi. Watoto wakaacha kunong'ona.

"Melina Marafioti," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, "siku ya arusi yako baba yako hakukataa. Alisimama pale kwenye nguzo saa tatu akingoja mkono wangu. Sikumwita. Alinitania, nikaweka kinyongo, nikamwacha nje. Watu waliposema ni kwa ajili ya Eino niliwaacha waseme. Na mwezi jana uliniuliza nyumbani kwako, nikakudanganya tena."

Melina alikuwa amemkazia macho.

"Rudia," alisema.

"Baba yako alitaka kucheza na wewe. Mimi ndiye niliyemzuia."

Kisha akajielekezea kidole kifuani, akasema, "Nje wa kwanza."

Jambo hilo halina mfano kwetu. Mkuu wa duara hutoa watu, hatolewi, na akichoka humkabidhi mwingine kwa kumshika mkono. Fortunato hakumshika mtu mkono. Alitoka kati, akatembea mpaka nguzo ya pili, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Katikati ya duara alibaki Melina peke yake, na kwa sheria yetu aliyebaki ndani ndiye mwenye duara.

Alisimama muda mrefu. Tulifikiri atatoka, na angetoka hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alifuta uso kwa kiganja, akamtazama mpiga kodiani, akaiashiria tari kwa kichwa. Muziki ukaanza. Akamwita Eino.

Eino anacheza kama mtu anayezima moto wa majani kwa viatu. Kwa kawaida tungecheka. Siku ile hatukucheka. Baada yake aliwaita watoto, mmoja mmoja, akamwita Loredana, akawaita wazee wa mtaa, akamwita Tresina, ambaye alicheza akilia. Aliita watu vizuri, bila haraka, akimwacha kila mmoja apate zamu yake yote, na waliokuwa na umri wa kukumbuka walisema hivyo ndivyo wakuu wa zamani walivyoita. Fortunato peke yake ndiye ambaye Melina hakumwita.

Mtu alimpelekea mzee kiti. Alikikataa. Saa kumi muziki ulikwisha, na Melina alipokuwa akitoka alipita karibu na nguzo akasimama.

"Zampogna iko kwenye kabati la juu," alisema. "Mwambie Loredana aje Jumatatu. Kanda nataka kuisikiliza mwenyewe kwanza. Sijawahi kuisikiliza."

"Nitamwambia."

"Baba alisimama saa tatu?"

"Saa tatu."

"Wewe umesimama saa moja," Melina alisema, akaenda zake.

Loredana alikwenda Jumatatu. Mfuko wa ngozi ulikuwa umekauka na kupasuka, na ilibidi utengenezwe mwingine, lakini mabomba yalikuwa mazima. Kanda ilikuja miezi mitatu baadaye. Kijana mmoja wa kundi anajifunza wimbo, na bado anaupiga vibaya, lakini ni wenyewe.

Ubao wa shaba uko ofisini kwa chama, ndani ya droo. Fortunato aliurudisha, nao hawakujua waufanyie nini. Wengine wanasema mzee alizidisha, mambo ya miaka arobaini kasoro mmoja yangeachwa yalale. Hao wanasema hivyo kwa sababu nao walikuwepo.

Mwaka uliofuata, Jumapili ya sikukuu, Fortunato alifika kabla ya soseji kuwekwa motoni. Alivua kofia, akaenda kwenye nguzo ya pili. Melina alifungua duara akaita watu, na mara kadhaa alipozunguka alimtazama. Mzee ameendelea kusimama hivyo kila mwaka. Mpaka ninapoandika haya hajaitwa, na hajawahi kumwomba mtu amsemee.